Anti, kila kikundi kinataka jina lake liwe juu kwenye tovuti ya usharika

Shikamoo anti,

Mimi ni binti wa miaka 27, mwalimu wa sekondari huku Kilimanjaro, na usharikani kwetu mimi ndo katibu wa kamati ya habari. Sisi ni Walutheri. Nakuandikia mana wiki hii sijalala vizuri kwa ajili ya kitu ambacho mtu mwingine akisikia ataona ni kidogo, ni menyu ya tovuti ya kanisa, yale maneno ya juu unayobonyeza kwenda kurasa zingine, ndo hayo hayo.

Tovuti tunayo mwaka wa tatu sasa, kijana wetu mmoja alitutengenezea kwa WordPress bila kutudai hata shilingi na tulimshukuru mbele ya kanisa zima. Tatizo kila kikundi kilichokuja kuomba kiwekwe kiliwekwa, hakuna aliyeambiwa hapana, kwa hiyo menyu iliyoanza na maneno matano sasa hivi ina 16, nakuandikia kama yalivyo: Nyumbani, Kutuhusu, Historia, Uongozi, Huduma, Idara, Kwaya Kuu, Kwaya ya Vijana, Wanawake, Vijana, Malezi, Diakonia, Ujenzi, Media, Rasilimali, Mawasiliano.

Desemba iliyopita kuna kitu kiliniuma sana. Unajua huku kwetu Desemba watu wote wanapanda kuja nyumbani, kanisa linajaa mpaka nje. Jumapili moja kabla ya Krismasi, mnada wa sadaka unaendelea pale chini ya mti, watu wanagombania mkungu wa ndizi na trei la mayai, nikamuona dada mmoja ametoka Dar amembeba mtoto wa kama miezi mitano, simu mkononi kioo kimepasuka kona. Anatafuta taratibu za ubatizo. Nikasimama pembeni namwangalia bila kumwambia mimi ni nani. Akabonyeza Huduma, zikaja picha za ziara ya gerezani. Akarudi, akabonyeza Idara, ikaja orodha ya majina ya wenyeviti. Akashusha akapandisha kidole, mtoto analia, mwisho akaifunga simu akamfuata mzee wa kanisa. Na mzee akamwambia semina ya wazazi na wasimamizi ilikuwa jana Jumamosi, mpaka mwezi ujao. Akarudi Dar mtoto hajabatizwa. Bibi yake mtoto ni jirani yetu, alilia. Na anti, hiyo tarehe ya semina ilikuwepo kwenye tovuti, mimi mwenyewe niliiandika! Ilikuwa ndani ya Malezi, kwenye ukurasa unaitwa Taratibu, kule chini kabisa.

Basi mwaka huu nikaomba kwenye kamati tupange menyu upya. Ndo moto ukawaka. Nilipendekeza kwaya na vikundi vyote viingie kwenye neno moja. Mama mwenyekiti wa wanawake akasimama akauliza, "Mabati ya kanisa hili nani alinunua?" Na kweli walinunua wao, kwa vitenge na maandazi, hakuna anayebisha. Mwalimu wa Kwaya Kuu naye akasema wanaotembelea tovuti wengi wanafuata nyimbo. Kaka mmoja wa IT akasema sheria ya dunia nzima ni menyu isizidi vitu saba. Kijana mwingine akasema tufiche vyote kwenye ile alama ya mistari mitatu, ugomvi uishe. Mwenyekiti wetu mzee akafunga kikao kwa sala, akaniambia nilete pendekezo baada ya wiki tatu.

Nifanyeje anti? Nawaheshimu hawa watu, wengine wamenifundisha Shule ya Jumapili. Sitaki kuvunja umoja kwa sababu ya tovuti, ila sitaki pia Desemba nyingine ipite kama ile.

Wako,
Katibu asiyelala, Kilimanjaro

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilisimama pale kwa yule dada na mtoto wake. Mimi nilikaa ofisi ya usharika miaka sita, napokea simu na kuandika vyeti vya ubatizo, kwa hiyo huyo dada namfahamu hata kama sijawahi kumuona. Wanakuja kila wiki. Zamani walikuja mlangoni, siku hizi wanakuja kwenye simu kwanza, na wasipopata kitu huko wengi hawafiki mlangoni tena, na hutajua kwamba walikuja.

Kabla ya yote elewa kwanza ugomvi wenu ni wa nini. Kwenye hicho kikao hakuna mtu aliyekuwa anaongelea menyu. Mama alikuwa anaongelea heshima, na ana haki, mabati ni mabati. Lakini menyu haiwezi kubeba heshima, haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Menyu ni kama yule mzee anayesimama mlangoni siku ya ibada, mgeni akiuliza choo kiko wapi anaonyeshwa choo, hasomewi kwanza majina ya waliochangia ujenzi. Heshima itafutiwe mahali pake, na nitakuambia wapi, ila ukijaribu kumaliza mambo hayo mawili kwa pamoja kwenye yale maneno ya juu hutamaliza hata moja.

Sasa kazi yenyewe. Usiende kwenye kikao na pendekezo lililotoka kichwani kwako, hata kama ni zuri, mana litakuwa ni maoni ya binti wa miaka 27 dhidi ya maoni ya wazee. Nenda na maswali ya watu. Nunua daftari dogo, mpe dada wa ofisini, mwombe kwa Jumapili mbili na siku za katikati aandike kila swali analoulizwa, kwa simu au ana kwa ana, kwa maneno yale yale aliyotumia mtu. Asisahihishe. Mtu akiuliza "mnabatiza lini" aandike hivyo hivyo, asiandike "taratibu za sakramenti". Na mlinzi wa getini naye muulize, huyo anaulizwa kuliko mchungaji. Kwa uzoefu wangu hamtazidi maswali kumi yanayorudi rudi: ibada ni saa ngapi, kuna ibada ya Kiingereza, ubatizo unahitaji nini, kipaimara wanaandikisha lini, nataka kufunga ndoa nianzie wapi, tumefiwa tumpigie nani, ahadi natuma namba gani, kanisa liko wapi hasa. Angalia hilo orodha alafu angalia maneno yako 16. Hakuna hata neno moja juu pale linalojibu swali hata moja waziwazi, labda Mawasiliano tu.

Maneno yenyewe ndo nusu ya tatizo, na hapa nitakaa kidogo mana watu wengi wanapita haraka. Huduma. Kwetu sisi wa kanisani huduma ni kazi ya Mungu, kutembelea wagonjwa, wafungwa, yatima. Kwa mtu wa mtaani huduma ni kile anachokuja kupewa, ndo mana yule dada alibonyeza hapo kwanza, na hakukosea, neno ndo lilimkosea. Malezi vile vile, ninyi mnajua ubatizo uko chini ya malezi kwa sababu mnajua idara zenu, yeye atajuaje? Rasilimali sijawahi kusikia mtu anaitamka kanisani, hilo limetafsiriwa tu kutoka kwenye tovuti ya kizungu likabandikwa. Media naona mna maana ya mahubiri na nyimbo, basi andika Mahubiri na nyimbo. Nyumbani nayo iandike Mwanzo, au iache kabisa, mtu akibonyeza jina la usharika pale juu linampeleka mwanzo. Kanuni yangu ni moja tu, neno ambalo bibi yako hawezi kulitumia akikuuliza kitu jikoni lisikae kwenye menyu.

Ukishapata maswali, fanya zoezi la kadi. Chukua manila, kata vipande kama 30, kila kipande kimoja kitu kimoja kilichopo kwenye tovuti: saa za ibada, mazoezi ya kwaya, namba ya ahadi, picha za ujenzi, semina ya ubatizo, historia ya usharika, na kuendelea. Baada ya mnada watu wakiwa bado wamesimama pale chini ya mti, tafuta meza, mwite mtu mmoja mmoja, mwambie apange vinavyokaa pamoja kwake yeye, alafu kila fungu alipe jina. Usiwaite wanakamati. Mwite mama anayeuza maziwa, kijana wa bodaboda aliyekuja kumfuata abiria, mgeni, mtoto wa kipaimara, mzee mmoja asiyependa simu. Watu nane kumi wanatosha, utaona mafungu yanajirudia. Na sikiliza majina wanayoyatoa, mtu akisema "haya ni ya sadaka" hajasema "utoaji" wala "uwakili", basi umepata neno lako bure.

Mimi ningekisia utaishia karibu na hapa: Ibada. Ubatizo, ndoa na misiba. Sadaka na ahadi. Vikundi. Matangazo. Kuhusu usharika. Sita. Historia, uongozi na ramani ya kufika vinaingia kwenye hiyo ya mwisho. Najua mzee wako mmoja atasikitika historia kushuka, mwambie kwamba Kanisa letu la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) kuundwa mwaka 1963 kwa makanisa saba kuungana ni jambo kubwa na wajukuu zetu walijue, ila anayelitafuta hana haraka, atalikuta ndani, na ukurasa wenyewe uandikwe vizuri kuliko sasa hivi. Ujenzi naona ukae pamoja na sadaka, mana mtu wa Dar anayetaka kuchangia anataka kuona kwanza ukuta umefika wapi. Kipaimara sina uhakika, wengine watakiweka na ubatizo wengine na Shule ya Jumapili, kadi zitakuambia, na zikigawanyika weka linki pande zote mbili, chumba kimoja kinaweza kuwa na milango miwili na hakuna ubaya.

Huyo kaka wa IT msikilize lakini hiyo siyo sheria. Hiyo saba inatoka kwa mwanasaikolojia Mmarekani George Miller, mwaka 1956, alikuwa anazungumzia vitu vingapi mtu anaweza kuvishika kichwani kwa muda mfupi, na menyu huishiki kichwani, iko mbele ya macho yako unaisoma. Kwa hiyo nane yanayoeleweka yanashinda matano ya mafumbo. Sababu ya kupunguza ni kwamba kwenye kioo kidogo cha simu maneno 16 yanamlazimisha mtu ashushe na kusoma yote kabla hajachagua, na watu wako wengi wako kwenye simu na bando la kuhesabu.

Na yule wa mistari mitatu, kwenye simu sawa, hakuna nafasi ya kingine, ila pembeni yake liandikwe neno Menyu kabisa. Wazee wengi hawajui ile mistari inabonyezwa, wanaona ni pambo. Kwenye kompyuta sita zinaenea, msifiche kitu. Alafu zile menyu zinazofunguka ukipitisha kipanya juu yake, na ndani yake nyingine inafunguka pembeni, ziondoeni, kwenye simu hakuna kupitisha, kuna kugusa tu, na ukigusa vibaya inakupeleka sipo.

Mambo mawili yasisubiri menyu kabisa, yakae ukurasa wa kwanza juu, mtu afungue ayaone: saa za ibada, na namba ya kupiga mtu akifiwa. Hili la msiba nakuomba sana. Niliwahi kupokea simu ya kijana saa tisa usiku, yuko Dar, mama yake amefariki huku kijijini, kabla ya kunipata alikuwa amepiga namba tatu za zamani za wazee wa kanisa waliokwisha kustaafu. Sauti yake bado naisikia. Mtu wa hivyo hawezi kubonyeza Uongozi, alafu Baraza, alafu afungue faili linalochukua dakika nzima kushuka. Namba iwe ya ofisi au ya zamu, iwe ya kubonyeza na kupiga hapo hapo, na kuwe na mtu mmoja mwenye kazi ya kuhakikisha inapokelewa.

Saa zenyewe ziandikeni kwa makini. Ibada ya kwanza saa 1:00 asubuhi kila Mswahili ataelewa, lakini watoto wa ndugu zetu waliokulia Marekani au Uingereza wanaokuja Desemba wakiona 1:00 watakuja mchana, kweli kabisa, nimewaona wamefika kanisa limefungwa na nguo zao nzuri. Andika saa 1:00 asubuhi, na kwenye ukurasa wa Kiingereza uandike 7:00 a.m. Usiandike tarakimu tupu popote.

Ukurasa wa ndoa uandike kana kwamba msomaji yuko mbali, mana kweli yuko mbali. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio la kuoana itolewe angalau siku 21 kabla, na kanisani tunatangaza Jumapili tatu, sasa mtu aliyekata tiketi ya kuja tarehe 20 Desemba akitaka kufunga ndoa tarehe 27 anatakiwa kulijua hilo mwezi Oktoba akiwa Dar. Weka juu kabisa: uanze kuwasiliana na ofisi lini, ulete nini, mafundisho ni siku gani. Ubatizo hivyo hivyo, tarehe za semina za mwaka mzima zikae kwenye ukurasa wa ubatizo wenyewe, zisikae kwenye Matangazo mana matangazo yanapita. Tarehe kutokuwepo kwenye ukurasa wenye jina la ubatizo ndo kulimponza yule dada.

Kwenye sadaka na ahadi, namba ya kulipia iwe ya usharika, na pembeni yake uandike jina litakalotokea kwenye simu kabla mtu hajaweka namba ya siri, ili asitume kwa tapeli. Na orodha ya majina ya waliolipa ahadi isikae mtandaoni, hata kama ubaoni mmezoea kuibandika. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, ahadi ya mtu ni kati yake na Mungu wake na mtunza hazina.

Sasa heshima ya kina mama. Ukurasa wa Vikundi upangwe kwa alfabeti, hakuna mkubwa hakuna mdogo, na kila kikundi kiwe na ukurasa wake kamili wenye picha nzuri, siku za kukutana, namba ya kiongozi aliyekubali mwenyewe namba yake iwekwe, na habari ya walichofanya. Hayo mabati yaandikwe hapo, mwaka gani, walichangishaje, vitenge na maandazi vyote. Sasa hivi ukurasa wao una nini? Nakisia picha moja na neno karibuni. Ukimwonyesha mama kwamba kuna linki yake mwenyewe anayoweza kuituma kwenye kundi la WhatsApp la wanawake na inafunguka moja kwa moja kwao bila kupita menyu, ataona amepata nyumba, alichokuwa nacho mwanzo kilikuwa kibao cha barabarani tu. Mwalimu wa kwaya naye hivyo hivyo, anayefuata nyimbo anafika kwa linki iliyotumwa au kwa kutafuta Google, wachache sana wanaanzia juu na kushuka. Na ile picha kubwa ya ukurasa wa mwanzo iwe inabadilishwa kila mwezi, kikundi kimoja kimoja kwa zamu, zamu ijulikane mwaka mzima.

Kabla kijana hajagusa kompyuta, chora menyu mpya kwenye karatasi, wape watu watano, muulize kila mmoja: mtoto wako ana miezi mitano unataka abatizwe, ungebonyeza wapi? Umefiwa usiku huu? Unataka kutuma ahadi? Alafu nyamaza. Hiyo ndo ngumu, utatamani kumsaidia, usimsaidie, andika tu alikobonyeza. Wakikosea watatu mahali pamoja neno libadilishwe. Mwambie pia kijana kwamba kurasa za zamani zisifutwe hivi hivi, linki zake zimeshatumwa kwenye makundi miaka mitatu, azielekeze kwenye kurasa mpya.

Kikaoni usianze na mchoro. Anza na daftari. Soma maswali yalivyo, swali moja moja, na mara ngapi limeulizwa, alafu simulia habari ya yule mtoto bila kumtaja mtu. Wazee wetu wana moyo, wakisikia bibi alilia wataacha kuhesabu viti. Na mwombe mwenyekiti muazimie kwamba kuanzia sasa kitu kipya hakiingii juu mpaka kamati ikae, kijana asibaki peke yake wa kusema hapana.

Ila kwa mama mwenyekiti wa wanawake nenda kabla ya kikao, peke yako, nyumbani kwake. Nenda Ijumaa jioni akishatoka shamba, usiende Jumamosi asubuhi anajiandaa. Kaa, kunywa chai, mwombe akusimulie mabati yalivyonunuliwa tangu mwanzo, na uwe na kalamu, mana hiyo ndo habari ya kwanza itakayokaa kwenye ukurasa wao.